Haiwaki

Kitenzi "kuwaka" kina mzigo mkubwa kuliko tunavyokichukulia darasani. Moto huwaka, taa huwaka, jua huwaka, mtu mwenye hasira huwaka, na siku hizi simu na kompyuta nazo huwaka. Kinyarwanda kina ndugu yake wa damu, "kwaka", ambacho kimejitwisha mzigo uleule. Kwa hiyo mtu wa Kanzenze ambaye kompyuta yake imegoma ana neno moja tu la kusema, achague lugha aipendayo: ntiyaka, haiwaki. Neno hilo ni la kweli, lakini fundi aliye mbali halimsaidii kitu. Ni sawa na kumwambia daktari "ninaumwa" kisha ukanyamaza.

Nililijua hilo kwa siku nne, wakati kompyuta mpya ya dada yangu ilipofika nyumbani ikiwa imeunganishwa kwa oda yake, tukabonyeza kitufe, na kioo kikabaki cheusi.

Nieleze kwanza kwa nini mtu wa milimani aliagiza kompyuta ya kuunganishwa. Kanzenze ni mojawapo ya sekta 12 za Wilaya ya Rubavu. Kwetu ni viazi, ng'ombe, ukungu na mvua. Dada yangu hupiga picha na video za harusi. Laptopu aliyokuwa nayo ilikuwa ikihariri video ya saa mbili kwa usiku mzima na kupata moto kama pasi. Laptopu yenye nguvu ya kutosha ilimshinda bei. Mtu mmoja wa kazi hiyohiyo alimwambia kwamba kwa pesa pungufu angeweza kupata kompyuta ya mezani iliyounganishwa kwa vipande alivyovichagua mwenyewe: prosesa hii, ramu kiasi hiki, kadi ya picha ile. Akakopa kwenye ikimina, kile kikundi cha akiba ambacho kila mwanachama anamjua mwenzake na anajua pia ni lini utarudisha. Akapokea malipo ya awali ya harusi mbili. Video ya kwanza ilitakiwa Jumamosi, na marejesho ya kwanza ya mkopo yalikuwa Jumapili inayofuata. Vipande vilinunuliwa katika duka moja la Kigali, wakaviunganisha hukohuko, na sanduku likaja kwa basi siku ya Jumatatu likiwa limefungwa vizuri sana, pamoja na masanduku matupu ya kila kipande. Yale masanduku matupu mama alitaka kuyafanya kuni za kuwashia jiko. Bahati nzuri hakuwahi.

Tuliwasha. Feni zikazunguka, taa za rangi ndani ya kasha zikang'aa, na kioo kikaandika kwamba hakipati mawimbi yoyote, kisha kikalala. Tulizima, tukangoja, tukawasha tena. Ikawa vilevile.

Dada alipiga simu dukani. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, na hilo sina budi kulisema. Lakini alijua sentensi moja tu: ileteni tuione. Kutoka kwetu hadi Kigali ni kushuka barabarani kwa pikipiki, kisha basi la saa tatu na zaidi, na ungefanya hivyo ukiwa umepakata kasha la chuma lenye kioo ubavuni, kwenda na kurudi, bila ahadi kwamba litatengenezwa siku hiyohiyo. Dada alimwuliza kama kuna jambo lolote tungeweza kulitazama hapa nyumbani kwanza. Akajibu, "Ileteni tuione."

Jumanne alikuja fundi wa jirani anayetengeneza redio na simu. Alibonyeza kitufe, akatazama kioo cheusi kwa muda usiozidi dakika mbili, akatoa hukumu kuwa mazabodi imekufa, mnunue nyingine. Tulipomwuliza amejuaje, alisema ameziona nyingi. Simlaumu sana. Katika kazi yake watu humletea kitu kimoja, kilichotoka kiwanda kimoja, na ugonjwa wake huwa mmoja kati ya michache anayoifahamu. Kompyuta ya kuunganishwa haiko hivyo. Laptopu ikikataa kuwaka siku ya kwanza, mwenye lawama ni mmoja, aliyeandika jina lake kwenye mfuniko. Ya kuunganishwa ina mazabodi ya huyu, prosesa ya yule, ramu ya mwingine, pawa saplai ya mwingine tena, na kila kipande kina garanti yake. Kila mmoja ana haki ya kusema kipande changu ni kizima, mwulize mwenzangu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na abiria wa chombo hicho alikuwa dada yangu mwenye deni.

Nchini kwetu hatuna mazoea mengi na kompyuta za namna hii. Wengi wa rika langu waliikuta kompyuta shuleni, katika mpango wa laptopu moja kwa kila mtoto ulioanza Rwanda mwaka 2008, au baadaye kwenye zile za Positivo zilizoanza kuunganishwa Kigali mwaka 2015. Zote hizo zilitufikia zikiwa zimekamilika na zimefungwa. Kwa Kinyarwanda kompyuta ni "mudasobwa", yaani isiyokosea. Jina zuri, ila linamnyima mtu nafasi ya kuuliza imekosea wapi.

Usiku wa Jumanne nilimwandikia mwanafunzi mwenzangu wa Goma, ambaye najua mjomba wake anatengeneza kompyuta katika mtaa wa Birere, ule uliobanana na mpaka. Kumpelekea kompyuta haikuwezekana. Kuvusha mpakani kompyuta mpya bila makaratasi ya forodha ni kujitafutia kesi. Kwa hiyo kazi yote ingefanyika kwa simu, na ilibidi mimi niwe mkalimani, kwa sababu dada yangu anazungumza Kinyarwanda na Kiswahili kidogo cha sokoni. Watu wa mbali hudhani Rubavu yote inasema Kiswahili. Kiswahili kinasikika zaidi kule Gisenyi, karibu na Goma, kuliko huku milimani. Sheria ya mwaka 2017 ilikifanya kuwa lugha rasmi ya nchi, lakini sheria haipandi mlima kwa kasi ya pikipiki.

Mjomba huyo, ambaye wote wawili tulimwita papa kama ilivyo desturi ya kule, alipiga Jumatano saa mbili asubuhi. Nilianza kumweleza alivyosema fundi wa redio, kwamba mazabodi imekufa. Hakuniacha nimalize.

"Usiniambie imekufa," alisema. "Uniambie tu ile uko unaona."

Hapo ndipo msaada ulipoanzia, na niliutambua papo hapo, maana ndilo jambo lilelile tunaloambiwa na walimu wetu tunapokwenda kukusanya data uwandani: andika alichotamka msemaji, usiandike unachodhani alikusudia. Papa hakuwa amesoma isimu. Lakini alikuwa anaitaka data ghafi.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ventilateri iko natembea?" Wanafunzi wenzangu watakumbuka kwamba kwa Kiswahili cha Goma mashine "hutembea" pale ambapo sisi tungesema inafanya kazi, kwa kuiga Kifaransa. Nikajibu ndiyo, inatembea. Akauliza tena: inatembea na kuendelea, au inatembea kidogo halafu inakata? Sikuwa nimefikiri kwamba hayo ni mambo mawili. Kumbe feni inayozunguka sekunde moja na kukata mara nyingi inaashiria shoti mahali fulani, au pawa saplai inayojilinda. Feni inayozunguka bila kukoma inasema umeme unafika, tatizo liko mbele zaidi. Neno letu "haiwaki" lilikuwa limeyafunika yote mawili.

Swali la pili lilinifurahisha zaidi. Alitaka tuchomeke kibodi, tubonyeze kitufe cha kufungia namba, tuone kama kitaa chake kinawaka na kuzima. Hakikuwaka. Alieleza kwamba kompyuta, kabla haijaonyesha chochote, kwanza "inajipima": inatafuta prosesa, inatafuta ramu, inatafuta kadi ya picha, na ikikosa mojawapo inasimama palepale. Kama kitaa cha kibodi kingeitikia, tungejua imeshapita mtihani huo na kwamba ugonjwa uko kwenye picha tu: kebo, kioo, au kadi. Kwa kuwa hakikuitikia, imesimama ndani ya kujipima. Basi sasa tulikuwa na "haiwaki" tatu tofauti. Kuna ambayo haina umeme, kuna yenye umeme isiyomaliza kujipima, na kuna iliyomaliza kujipima ila haionekani. Ya kwetu ilikuwa ya pili. Tulikuwa tumezungumza dakika saba hivi na hatujashika bisibisi.

Hata hivyo aliuliza kebo ya kioo tumeichomeka wapi, kwenye kadi ya picha au kwenye mazabodi. Nikasema kwenye kadi, chini. Akasema vizuri, maana prosesa nyingi za aina ya Ryzen hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe, na watu wengi huchomeka juu wakangoja hadi wachoke. Hakusema kwa sauti ya kututega. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayefuta mstari mmoja kwenye orodha yake.

Kisha akatutaka tufungue ubavu wa kasha. Dada alishika tochi ya simu, mimi nikashika simu nyingine yenye papa. Alitupeleka ndani ya kasha kama mtu anayemwelekeza mgeni mtaani: panda juu kushoto, karibu na feni kubwa ya prosesa, utaona plagi ya waya nyingi nyeusi imeingia pembeni, je ipo? Ipo, nane. Na ile ndefu ya kulia, yenye meno ishirini na manne? Ipo, imekaa. Ile ndogo ya juu ndiyo inayolisha prosesa, na wanaounganisha kwa haraka huisahau. Hawakuwa wameisahau. Kila tulipomjibu alirudia jibu letu kabla ya kuuliza lingine, na mara mbili alitusahihisha kwa kurudia tu, kwa sababu tulisikia wenyewe kwamba tulichosema hakikuwa tunachokitazama.

Ilikuja shida ya majina. Yeye husema "carte mère", "barrette", "alimentation". Dukani waliandika kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa na mazabodi, ramu na pawa saplai. Dada alikuwa na "kile kirefu" na "kile cha kijani". Kwa muda tulipotezana kabisa, hadi papa alipoamua kuacha majina na kutumia umbo na mahali: vile vibao viwili vyembamba vilivyosimama wima kama sahani kwenye kikaushio. Dada akavigusa mara moja. Alituambia tuzime, tuchomoe waya wa ukutani, tutoe vibao vyote viwili, turudishe kimoja tu kwenye tundu la pili kutoka kwa prosesa, tusukume mpaka kilie "ka!". Kikalia. Tukawasha, kioo cheusi. Tukabadilisha kibao. Kioo cheusi.

Nimewahi kusoma kuhusu kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwishoni mwa mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili kitupu. Waliofanya kazi ile walipaswa kutafuta au kuunda maneno mengi, na matunda yake tunayaona hata leo kwenye vioo vya simu zetu: hifadhi, hariri, futa, faili. Lakini maneno yote hayo ni ya kompyuta iliyokwisha kuamka. Sehemu ile ya kabla ya kuamka, pale inapojipima gizani, haina msamiati wa Kiswahili unaojulikana na watu, na alama zote zilizochapwa kwenye mazabodi ni za Kiingereza. Tunabishana sana kuhusu "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi", na mimi mwenyewe nimewahi kuandika kazi ya muhula juu ya ubishi huo. Siku ile, katika chumba cha dada, hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililohitajika. Lililohitajika lilikuwa neno la kujipima, na neno la taa ndogo inayobaki imewaka wakati wenzake wamezima.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa hatua iliyofuata. Papa aliuliza kama kwenye ukingo wa mazabodi kuna taa nne ndogo sana, kila moja na herufi zake. Dada aliinama karibu aingie ndani ya kasha. Zilikuwepo. Moja ilikuwa inang'aa nyekundu, nyingine zote giza. Nilimsomea herufi zilizo kando yake: C, P, U. Upande wa pili wa simu kukawa kimya kwa muda. Kisha akasema, polepole, twende tukalete masanduku matupu.

Namshukuru mama kwa kuchelewa kuwasha jiko.

Nilimsomea kila kilichoandikwa. Sanduku la mazabodi: aina ya B450, na juu yake stika yenye maandishi kwamba iko tayari kwa Ryzen za 3000. Sanduku la prosesa: Ryzen 5 5600. Akaniambia nirudie namba. Nikarudia. Akauliza risiti inasemaje. Dada aliitoa kwenye pochi yake. Risiti ilisema Ryzen 5 3600.

Hapo papa akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alieleza kwa utulivu. Prosesa hizi za AMD zilidumu na tundu la aina moja, AM4, kwa miaka mingi. Kwa hiyo prosesa mpya inaingia barabara kwenye mazabodi ya zamani. Lakini kuingia si kujuana. Ndani ya mazabodi kuna programu ndogo, bayosi, ndiyo inayosimamia kule kujipima, na hiyo huzitambua tu prosesa zilizokuwepo wakati ilipoandikwa, au zile ilizofundishwa baadaye. Ryzen za 3000 zilitoka mwaka 2019. Za 5000 zilianza kutoka Novemba 2020. Mazabodi yetu ilikaa sandukuni na bayosi yake ya zamani, na sasa ilikuwa inamtazama mgeni asiye kwenye orodha. Hakuna kilichokufa. "Iko inamukataa juu haimujue," alisema.

Dada alipiga tena simu dukani, safari hii akiwa na swali lenye mwisho wake: je, mlibadilisha prosesa? Kijana yuleyule alikwenda kuuliza ndani, akarudi na jibu lililotutoa hasira zote. Ile ya 3600 iliwaishia, wakatuwekea 5600 kwa bei ileile, kama zawadi kwa sababu dada alilipa taslimu. Ni prosesa bora zaidi, alisema, na ni kweli. Walimtendea wema na hawakumwambia. Aliyeuza alijua, aliyeunganisha alijua, aliyepokea simu hakujua, na karatasi ilibaki na habari ya zamani. Siku mbili tuliambiwa tuilete waione, na kitu cha kuona kilikuwa namba moja kwenye risiti yao wenyewe.

Kwa kawaida dawa ya ugonjwa huu ni kuazima prosesa ya zamani, kuiwasha nayo mazabodi, kuifundisha, kisha kurudisha mpya. Ni ajabu, mtu anahitaji kompyuta inayowaka ili afanye kompyuta iwake. AMD yenyewe imewahi kuwa na utaratibu wa kuwaazima wateja prosesa kwa kazi hiyo tu. Sisi tusingeipata Kanzenze. Lakini papa aliuliza kama mgongoni mwa kasha, karibu na matundu ya USB, kuna kitufe kidogo chenye neno la "flash". Kipo. Basi, akasema, bodi hii ina mlango wa nyuma. Inaweza kufundishwa hata bila kumtambua prosesa, mradi ina umeme.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mmoja wa sekondari aliye jirani yetu, mwenye laptopu. Papa alinitaka nipakue faili la bayosi mpya kutoka kwa waliotengeneza bodi yenyewe na si kwingine kokote, na nilinganishe jina la bodi herufi kwa herufi na lile la kwenye sanduku, maana bodi mbili zaweza kupishana kwa herufi moja ya mwisho na faili lake likawa si hilo. Kazi ya kulinganisha herufi ndiyo nimeisomea. Nililinganisha mara tatu. Kisha flashi ikafutwa na kuandaliwa kwa mfumo wa FAT32, faili likabadilishwa jina kama maelekezo yalivyotaka, likawekwa peke yake.

Ilipofika saa nane mchana mvua ikaanza. Mtu wa Kanzenze haulizi kama umeme utakatika wakati wa mvua kubwa, anauliza lini. Papa alikataa kabisa tubonyeze kitufe. Alieleza kuwa umeme ukikatika bayosi ikiwa inaandikwa, bodi inabaki na nusu ya akili. Bodi zenye kitufe kile zina nafuu kwa sababu mara nyingi kazi inaweza kurudiwa, lakini, akasema, pesa ni za mama huyu, si zangu, sitaki kuzichezea. Dada aliposikia tafsiri yangu ya sentensi hiyo alikaa kitandani akanyamaza. Tangu Jumatatu watu walikuwa wakizungumza juu ya kompyuta. Huyu alikuwa wa kwanza kuutaja mkopo wake, na hakuna aliyemwambia habari zake, alizikisia tu kutokana na haraka ya maswali yetu. Tukangoja. Umeme ulikatika kweli saa tisa na robo na kurudi magharibi.

Tulibonyeza kitufe Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbingu zikiwa safi hata Karisimbi inaonekana. Flashi kwenye tundu lake, kebo za umeme zimekaa, papa hewani. Kitaa kidogo kilianza kupepesa. Alikuwa ametuonya kwamba zitapita dakika kadhaa, tusiguse, tusizime, hata kama inaonekana haifanyi kitu. Alikaa nasi kwenye simu muda wote, akituhadithia bei ya viazi Goma, na mama akamjibu kutoka mlangoni kwamba bei hiyo ni wizi. Kitaa kikaacha kupepesa. Akatuonya tena: mara ya kwanza itachelewa, pengine itajizima na kujiwasha yenyewe, msiogope, inajifunza ramu zake.

Ilijizima. Dada akanishika mkono. Ikajiwasha. Taa nyekundu ikahama, ikapita kwenye herufi nyingine, ikazima. Kioo kikaandika jina la bodi kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, Ryzen 5 5600.

Nilimsomea papa. Akauliza inasoma ramu kiasi gani, kwa kuwa tulikuwa tumebakiza kibao kimoja. Hakutaka kukata simu mpaka turudishe cha pili na kuiona jumla yake. Tulipomwuliza deni letu, alisema tumtumie tu pesa ya unité alizotumia kupiga, na kama tuna mtu anayevuka, viazi kidogo. Dada alimtumia pesa zaidi ya hizo, na gunia la viazi lilivuka wiki iliyofuata kwa mkono wa mama mmoja mfanyabiashara.

Video ya harusi ya kwanza ilikamilika Jumamosi saa sita usiku, jambo ambalo kwa bwana harusi bado ilikuwa Jumamosi. Duka la Kigali lilituma risiti mpya yenye namba sahihi, baada ya dada kuidai mara mbili, kwa ajili ya garanti.

Siku hizi majirani wakileta kompyuta zao kwake, maana habari zimeenea na wanamdhania fundi, husimama mlangoni na kusema ntiyaka. Nimemsikia akiwajibu, hata kabla hawajaketi: feni inazunguka? Inazunguka na kuendelea, au inakata?